Besi Imeenda Wapi?

Pedali yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo, kwa mtu aliyekuwa anauza spika kuukuu na rimoti za televisheni. Ilikuwa pedali ya distoshani, ya gitaa la solo, rangi imechubuka pembeni. Nikaenda nayo nyumbani, nikachomeka besi, nikavaa hedifoni, nikakanyaga. Sauti ikavimba kama paka aliyeona mbwa. Wiki ile yote sikulala mapema.

Jumamosi nikaipandisha jukwaani. Tukafika kwenye sebene, solo limeshika moto, watu wamejaa sakafuni, nikajiambia wakati ndio huu. Nikakanyaga. Mimi niliyesimama mbele ya amplifaya yangu nilisikia radi. Fundi mitambo, upande wa pili wa ukumbi, alisikia kitu kingine, maana alinitazama, akainua mikono yote miwili, na midomo yake niliisoma vizuri kabisa: "Kaka, besi imeenda wapi?" Watu hawakuacha kucheza, ila walicheza kama wanaotafuta ngazi gizani. Nilipoizima, mama mmoja aliyekuwa karibu na jukwaa akapiga kofi moja na kusema, "Haya sasa!" Hakujua nimefanya nini. Kiuno chake kilijua.

Kwa hiyo kijana akinijia na kuniuliza anunue pedali gani, namrudishia swali la fundi yule. Pedali yoyote ya besi, ya bei yoyote, iliyotengenezwa popote, ina mtihani mmoja: ukiikanyaga, besi inabaki au inaondoka?

Ile yangu iliondoka kwa sababu ambayo mtu yeyote anaweza kuielewa. Uzi wa E wa gitaa la besi, ule mnene, ukiuachia wazi hutikisika mara 41 kwa sekunde. Ukiwa na besi ya nyuzi tano, B yako ni mara 31. Gitaa la kawaida, uzi wake mnene kuliko zote unaanzia 82. Pedali nyingi zilizojaa madukani zimebuniwa kwa ajili ya hilo gitaa la kawaida, na wabunifu wake hupunguza kwa makusudi sauti za chini kabla hazijafika sehemu inayokwaruza, kwa kuwa chini ikikwaruzwa sana hugeuka matope. Mfano unaojulikana duniani kote ni Ibanez Tube Screamer. Ndani yake, mitikisiko iliyo chini ya takriban 720 kwa sekunde haipewi nguvu kama iliyo juu ya hapo. Kwa mpiga solo hiyo ni hekima tupu. Sasa hesabu ya kwako: noti ya juu kuliko zote kwenye besi ya freti 24, pale mwisho kabisa mwa uzi wa G, msingi wake ni mara 392. Yaani hakuna noti hata moja unayoweza kuipiga ambayo msingi wake unauvuka mstari huo. Unapoikanyaga pedali kama ile, inanyanyua kelele za juu za noti zako na kuiacha nyumba yenyewe chini.

Asikudanganye mtu kwamba besi na efekti haviendani. Sauti ile ya kukwaruza inayoitwa fazi ilizaliwa karibu sana na kwetu sisi wapiga besi. Mwaka 1961, mjini Nashville, Marty Robbins alitoa wimbo wake "Don't Worry", na mpigaji Grady Martin alipiga humo gitaa la besi la nyuzi sita likipitia njia mbovu ya mtambo wa studio. Mtambo ukakoroma. Wakauacha ukoromaji huo, watu wakaupenda, na mwaka 1962 Gibson wakaingiza sokoni Maestro Fuzz-Tone, kijisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachotoa ukoromaji uleule. Miaka mitatu baadaye Paul McCartney alipiga besi yenye fazi kwenye "Think for Yourself" ya Beatles. Ukiusikiliza wimbo ule kwa makini utagundua kwamba besi ni mbili: moja safi inayobeba nyumba, na nyingine iliyokwaruzwa inayopita juu yake. Kaa na hilo, tutalirudia.

Lakini kabla ya fazi na mbwembwe zote, pedali ya kwanza ya mpiga besi ni tyuna. Najua haileti raha. Hakuna aliyewahi kuitwa nyumbani kwa mchumba akatambulishwa kuwa ndiye mwenye tyuna nzuri. Ila tyuna ya kukanyaga hufanya mambo mawili ambayo ile ya simu haiwezi: inasoma uzi wako hata ukumbi ukiwa unapiga kelele, na inakata sauti unapotyuni, ili wasikilizaji wasiteswe. Besi iliyopotoka kidogo tu humfanya mwimbaji aonekane ndiye aliyekosea, naye atakulaumu, na atakuwa na haki. Kagua kama tyuna unayotaka kununua inaisoma B ya nyuzi tano. Baadhi za bei rahisi hutapatapa huko chini. Ikitapatapa, gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 upate ile noti ya kengele, isome hiyo.

Baada ya tyuna, umeme. Hapa nitakaa muda mrefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha za watu wengi zinapoungulia.

Niliwahi kuua pedali kwa adapta ya kinanda cha kanisa. Jeki yake ilikuwa saizi ileile, iliingia vizuri kabisa, nikadhani mambo yamekwisha. Pedali ilitaka volti 9, hasi ikiwa katikati. Adapta ile ilitoa volti 12, chanya katikati. Haikulia wala kuwaka. Ilitoa harufu tu, na mwanakwaya mmoja akauliza nani ameunguza mahindi. Tangu siku ile nasoma kila adapta kama mtu anayesoma hati ya kiwanja. Mambo ni matatu. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye pedali. Kichoro kile cha nukta iliyozungukwa na nusu duara lazima kilingane pia. Pedali nyingi, zikiwemo za Boss ambazo wengine wengi wamezifuata, hutaka hasi katikati. Jambo la tatu ni miliampea, na hizi ndizo pekee zinazoruhusiwa kuzidi: pedali ikihitaji 30, adapta ya 500 haitaiua, maana pedali huchota kile inachohitaji tu. Ila adapta ikiwa ndogo kuliko mahitaji, pedali itakoroma, itazimazima, au itafanya vituko utakavyodhani ni jini. Pedali nyingi za analojia hula chini ya miliampea 50. Za kidijitali kwa kawaida hula zaidi, nyingine hufika 300 na kupita. Jumlisha zako kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani.

Wengi tunanunua adapta moja na waya wa kugawa, pedali tano zinanyonya mahali pamoja. Kwa pedali za analojia peke yake inakubalika. Ukiingiza ya kidijitali katikati yao utasikia mluzi mwembamba nyuma ya sauti, kama mbu aliye nje ya chandarua. Dawa yake ni kisanduku cha umeme ambacho kila tundu lake limetenganishwa na jingine. Ni ghali, na ukikiweka mbele ya wenzako hakuna atakayekisifu. Kinunue hata hivyo, kabla ya pedali ya tatu.

Kuna jambo kuhusu muungurumo ambalo ilinichukua miaka kuling'amua. Umeme wa ukutani kwetu, na Kenya na Uganda vilevile, huenda mizunguko 50 kwa sekunde. Noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi wa E hutikisika mara 49. Adapta isiyochuja vizuri huvuma kwa 100, na uzi wako wa G ukiwa wazi ni 98. Kwa hiyo muungurumo wa umeme haukujii kama mgeni anayebisha hodi. Unakuja umevaa shati lako. Wimbo ukiwa kwenye G unajificha ndani ya noti zako na kuzinenepesha, nawe unafurahi kwamba leo besi imejaa. Mkihamia A flati, kila kitu kinagombana na hujui kwa nini. Upime hivi: weka viganja viwili juu ya nyuzi zinyamaze kabisa, ongeza sauti, sikiliza. Kinachobaki si chako. Chomoa pedali moja moja hadi kiondoke.

Na tafadhali, usimruhusu mtu yeyote aukate waya wa ardhi ndani ya plagi ya amplifaya ili kuua muungurumo. Nimeuona mchezo huo kwenye kumbi zaidi ya moja. Waya ule upo ili hitilafu ikitokea umeme uende ardhini badala ya kupitia kwenye nyuzi, vidole vyako, na mdomo wa mwimbaji aliyegusa maikrofoni. Boksi la DI, kile kisanduku kinachoipeleka besi kwenye miksa, lina swichi ndogo ya kuitenganisha ardhi ya waya wa sauti peke yake; hiyo ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ibonyeze.

Hilo boksi la DI ndilo ningelinunua baada ya umeme, na ningelinunua lile lenye priampu ndani yake. Fikiria mazingira tunayopigia. Kanisani, mara nyingi mpiga besi hana amplifaya kabisa. Jeki inaingia kwenye miksa moja kwa moja. Kwenye sherehe unakuta amplifaya ya gitaa la kawaida yenye spika ya inchi nane, na mwenye vyombo anakuhakikishia kwa kiapo kwamba ni ya besi. Ukiwa na priampu yako mwenyewe yenye tundu la XLR la kwenda kwa fundi mitambo, sauti yako unaibeba kwenye begi. Tech 21 walipoleta SansAmp Bass Driver DI miaka ya 1990, walilenga shida hii hasa: kuiga amplifaya na spika yake ndani ya kisanduku, ili ukiingia kwenye miksa usisikike mkavu. Zimekuja nyingine nyingi baada yake, za bei ya juu na ya chini. Ukijaribu yoyote, sikiliza inavyofanya ikiwa imeingia kwenye miksa bila amplifaya. Huko ndiko utakakoitumia Jumapili.

Tena hili la spika lina maana kubwa ukitaka kukwaruza. Spika ya besi, hasa isiyo na kile kispika kidogo cha juu, hufa yenyewe kwenye sauti za juu, na kufa kwake ndiko kunakoifanya fazi isikike nene na tamu. Fazi ileile ukiipeleka kwenye miksa bila kuiga spika ni nyuki kwenye debe. Sasa unaelewa kwa nini pedali iliyokufurahisha dukani, kwenye amplifaya kubwa, inakuaibisha kanisani.

Turudi kwenye kukwaruza, kwa kuwa najua ndiko ulikotaka niende tangu mwanzo. Kumbuka besi mbili za McCartney. Pedali za ovadraivu na fazi zilizotengenezwa kwa ajili ya besi huwa na nobu iliyoandikwa "blend", "mix", "balance" au "dry". Nobu hiyo inapitisha besi yako safi pembeni, bila kuguswa, kisha inaichanganya na ile iliyokwaruzwa. Boss ODB-3 inayo, Bass Big Muff ya Electro-Harmonix nayo ina njia yake ya kubakiza sauti safi. Ukiiona pedali ya kukwaruza haina kitu cha namna hiyo, usiikatae hapohapo, lakini iogope kidogo.

Namna ninavyoiweka mimi: naanza na sauti safi tupu, nobu ya kukwaruza ikiwa nusu. Napiga mstari wa wimbo halisi, pamoja na dramu, wala si zile mbwembwe za dukani. Naongeza sauti chafu taratibu hadi nianze kuisikia waziwazi. Halafu naipunguza kidogo. Hapo, nikiwa peke yangu chumbani, sauti haitanivutia; nitaiona ina mchanga tu kidogo. Ndani ya bendi, mchanga huo ndio unaofanya besi isikike hata kwenye spika ndogo ya simu, kwa sababu spika ndogo haiwezi kutoa mtikisiko wa 41 lakini inatoa ile michirizi ya juu, na sikio la binadamu linaijazia iliyobaki.

Kama tayari unayo pedali ya gitaa unayoipenda, njia ipo. Boss LS-2 na visanduku vya aina hiyo huigawa sauti mara mbili, moja ikapita kwenye pedali na nyingine ikapita safi, kisha huzikutanisha. Kuna mtego mmoja. Baadhi ya pedali hupindua wimbi: pale wimbi safi linapopanda, lake linashuka. Ukizichanganya hizo mbili zinakulana, na zinapokulana zaidi ni huko chini. Ukisikia kwamba umeongeza sauti chafu na besi imepungua badala ya kuongezeka, usihangaike na nobu. Ni wimbi limepinduka; tafuta kisanduku chenye swichi ya kuligeuza, au badili pedali.

Kompresa. Wapo wapiga besi wasiopanda jukwaani bila hiyo, na wapo wanaoapa kwamba ni pedali isiyofanya kitu. Wote wawili wanaongelea kitu kimoja: kompresa nzuri haisikiki hadi uizime. Kazi yake ni kuishusha noti iliyopiga kelele na kuiacha iliyo nyonge, ili zote zifike ukumbini zikiwa na kimo kinachokaribiana. Kama unapiga kwa vidole na kupiga kofi la uzi kwenye wimbo huohuo, inakusaidia sana. Anza na uwiano wa nne kwa moja, iweke ishushe desibeli tatu hadi sita pale unapopiga kwa nguvu, usizidishe. Kuhusu kasi ya kuuma, iache ichelewe kidogo ili ule mdundo wa kidole upite kwanza. Sababu nyingine ya kutoiharakisha ni hii: wimbi moja la E ya chini huchukua kama milisekunde 24 kukamilika. Kompresa inayouma na kuachia haraka kuliko hapo haifuati noti tena, inalifuata wimbi lenyewe, ikiipandisha na kuishusha sauti ndani ya noti moja. Utasikia mkwaruzo ambao hukuuomba, na utadhani spika imepasuka.

Nikiri jambo. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, alikuwa na Fender Precision, nyuzi laini alizokuwa habadilishi, na waya ulioingia moja kwa moja kwenye mtambo wa studio. Hakuwa na kompresa miguuni. Kompresa yake ilikuwa kidole. Kama una miezi mitatu na huna fedha, itumie miezi hiyo kuzipiga noti zako zilingane.

Oktava ni pedali ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Inaongeza noti iliyo oktava moja chini ya unayoipiga. Kijana huinunua, anapiga E wazi ili asikie ukubwa. E wazi ni 41, oktava yake ni 20 na kidogo, mpakani mwa kile ambacho sikio la binadamu linaweza kukisikia, na chini ya kile ambacho spika nyingi za ukumbi zinaweza kukitoa. Anachopata ni spika kutapika na pedali kubabaika, kwa kuwa mashine hizi, hasa za analojia kama Boss OC-2 ya zamani, husoma noti moja kwa wakati na huchanganyikiwa huko chini. Panda juu. Piga freti ya saba ya uzi wa D, ambayo ni A ya 110, pedali itakupa 55, noti safi iliyo sawa na uzi wako wa A ukiwa wazi, lakini yenye unene wa kinanda. Pino Palladino aliitumia pedali hiyo na besi isiyo na freti miaka ya 1980 kwa namna ambayo hadi leo watu wanatafuta OC-2 kuukuu kwa sababu yake. Kwenye bendi ambayo mpiga kinanda hakuja, oktava huziba pengo lake kwa jioni moja.

Filta, ile inayosema "wau" kila unapopiga uzi, ni mnyama mwenye tabia. Bootsy Collins aliifanya kuwa sauti yake kwa kutumia Mu-Tron III, mashine iliyotoka mwaka 1972, na ukimsikiliza utagundua kwamba nusu ya kazi inafanywa na mkono. Filta hufunguka kulingana na nguvu ya kidole, kwa hiyo irekebishe ukiwa unapiga kwa nguvu ya jukwaani, si ya sebuleni saa nne usiku mtoto akiwa amelala. Isiyo na njia ya sauti safi itakula chini kila inapofunga mdomo. Tumia kwenye wimbo mmoja, watu watauliza ni nini ile. Ukitumia kwenye nyimbo tatu, watauliza itaisha lini.

Korasi na dilei nitazipita haraka. Korasi ilimfaa Peter Hook wa Joy Division kwa sababu alipiga juu kabisa ya shingo, kama mtu mwenye solo. Kwenye rumba na dansi, solo na ridhimu tayari zinang'aa kwa korasi zao. Wewe ukiongeza ya tatu, mnakuwa supu. Dilei kwenye besi inayobeba mchezo ni ugomvi na mpiga dramu. Niliwahi kuijaribu mazoezini. Mzee wetu wa dramu aliweka vijiti chini, akaenda kununua soda.

Mashine ya efekti nyingi kwa pamoja, kama zile ndogo za Zoom mfululizo wa B, wakongwe huzibeza. Mimi sizibezi. Kwa bei ya pedali moja nzuri unapata nafasi ya kujua kama kweli unahitaji oktava, au ulikuwa unataka tu taa nyekundu miguuni. Kaa nayo mwaka. Zile efekti mbili unazoziwasha kila wiki ndizo za kuzinunua moja moja baadaye. Ukitengeneza sauti zako za jukwaani, hakikisha zote zinalingana ukubwa, kwani zile zinazokuja na mashine zimetengenezwa kushangaza dukani, na kila moja inapiga kelele kuliko mwenzake.

Kuhusu mpangilio, mimi huanza na tyuna, inafuata oktava, halafu filta, kompresa, ovadraivu, korasi kama ipo, na mwisho kabisa priampu yenye DI. Oktava na filta ziko mbele ya kompresa kwa makusudi: oktava inataka noti safi isiyoguswa, na filta inataka kuusikia mkono wako ulivyo, wakati kompresa kazi yake ni kuuficha mkono. Kuna watu wanaopanga tofauti na wanapiga vizuri. Jaribu, waya mfupi ni rahisi kuuhamisha. Ila ukiunganisha pedali nyingi kwa waya mrefu na besi yako haina betri, utaona sauti za juu zinafifia. Pedali moja mwanzoni yenye bafa, ile sakiti inayoipa sauti nguvu ya kupita waya mrefu, huzirudisha. Na kama besi yako ina betri, chomoa jeki kila unapomaliza. Jeki iliyochomekwa ndiyo swichi yake. Ukiiacha usiku kucha, Jumamosi utapanda na besi iliyokufa, na duka la betri la karibu litakuwa limefungwa.

Ukinunua iliyotumika, nenda na besi yako na waya wako. Kanyaga swichi mara ishirini, si mara mbili. Tikisa jeki ikiwa imeingia, usikie kama inakatika. Zungusha kila nobu toka mwanzo hadi mwisho. Inayokwaruza kidogo husafishika, inayokatika kabisa ina kazi. Fungua sehemu ya betri: ukungu wa kijani au mweupe kwenye vishikio ni betri iliyovuja, na hujui imefika wapi ndani. Muuzaji akikuambia haina adapta lakini inafanya kazi, mwambie utarudi ikiwa na adapta.

Halafu kuna kupima ukumbini, na hapa ndipo wengi hukosea hata wakiwa na vifaa vizuri. Ukumbi mtupu unadanganya. Watu wakijaa, miili na nguo zao hunyonya zaidi sauti za juu na za kati kuliko za chini, kwa hiyo besi iliyokuwa nyororo saa kumi jioni inakuwa blanketi saa tano usiku. Mimi jioni huiweka sauti iwe na makali kidogo kuliko ninavyopenda. Na huwa simalizi kuipima nikiwa jukwaani, kwa sababu amplifaya iko nyuma ya magoti yangu na haina njia ya kunieleza ukweli. Namkabidhi besi mdogo wetu anayejifunza, namwambia apige mzunguko mmoja tu, mpiga dramu amfuate, na kila nikiinua mkono akanyage pedali. Kisha natembea hadi mwisho wa ukumbi, karibu na kaunta ya vinywaji, pale wanaporundika makreti ya chupa tupu. Nainua mkono. Kama chupa zilikuwa zinagongana kabla hajakanyaga, na bado zinagongana baada ya kukanyaga, nampungia, naagiza maji, nasubiri watu waanze kuingia.